Mizani Inayobadilika Njiani

Mabishano ya wanamapokeo na wanamabadiliko yametuzoeza kuuliza swali moja tu: kanuni hii ni ya asili au ni ya uzushi? Historia ya nadharia za mvutano yatufunza swali lililo bora zaidi.

Mwishoni mwa 1915 Albert Einstein alitunga bahari mpya. Sayari, alisema, haivutwi na jua kwa kamba. Hufuata njia iliyonyooka kuliko zote katika anga na wakati vilivyopindika. Azungukaye vilima vya Masieda, huko Mbulu, njia yake hupinda kwa umbo la ardhi, wala hapana amshikaye mkono.

Wengine nao walitunga. Gunnar Nordström wa Ufini alikwisha kutangulia mwaka 1913 kwa nadharia nyepesi, ambayo Einstein na Adriaan Fokker waliionyesha mwaka 1914 kuwa nayo ni ya kijiometri. Ila ndani yake mwanga haupindi. Tarehe 29 Mei 1919 jua lilipatwa, na kivuli kikatoka Brazili, kikapita kisiwa cha Príncipe, hata kikafika kusini mwa Tanganyika. Picha za Sobral na Príncipe zilionyesha mwanga wa nyota umepinda. Nordström akanyamazishwa.

Aliyethubutu zaidi ni Mjerumani Hermann Weyl, mwaka 1918. Kwake, kijiti cha kupimia kikizungushwa na kurudi kilipotoka, chaweza kurudi na urefu mwingine. Ni kama kibwagizo cha mizani 16 kirudi na mizani 17, na hali hakuna silabi iliyoongezwa! Einstein aliusifu uzuri wake, kisha akaikataa: atomi zilizopita njia mbalimbali zingetoa mwanga wa rangi mbalimbali, nazo hazitoi.

Je, tuliite shairi la Weyl guni? Hukumu yangu ni kwamba Einstein alikuwa na haki, kwani uzuri wa arudhi hautoshi. Lazima utungo usimame mbele ya ulimwengu unaousema. Lakini mwaka 1929 Weyl aliirudia kanuni ile ile, safari hii si kwa urefu wa kijiti bali kwa mwendo wa mawimbi ya elektroni, nayo ikasimama. Leo ni nguzo ya fizikia ya chembe.

Basi tuulize hivi: kanuni hii yabeba kitu gani? Iliyoshindwa kubeba mlima huenda ikabeba wimbi.