Tumbaku Iliyolala

Maelezo ya kuonja siga ni utanzu wa fasihi, na nasema hivyo bila mzaha. Yana mwandishi, yana hadhira, yana kanuni zake, na kama utanzu mwingine wowote yanaweza kuandikwa vizuri au vibaya. Mengi yameandikwa vibaya. Ubaya wenyewe unatuhusu sisi wa huku Ziwani kuliko tunavyodhani.

Kwanza jina. Kiswahili kilipolipokea neno sigara, kiliikabidhi ile nyembamba ya karatasi, ile inayouzwa moja moja kwa Mangi. Ile nene, iliyosokotwa kwa tumbaku tupu, ndani jani na nje jani, ikabaki bila jina lililotulia. Hapa nitaiita siga.

Maandishi ninayoyazungumzia yalinifikia katika kadi. Kuna hoteli mjini Mwanza inayouza siga za Cuba, Nicaragua na Jamhuri ya Dominika, na kila aina ina kadi inayoeleza ladha yake. Rafiki yangu anayefanya kazi pale alinipa kadi kumi na mbili nizitafsiri, nikazibeba hadi chumbani kwangu Butimba. Kwa siku tatu nilikula ngozi, kahawa, chokoleti, udongo, pilipili, lozi na mwerezi. Nomino tupu, zimepangwa kama orodha ya kutumwa sokoni. Vitenzi hakuna. Ningeweza kuzichanganya kadi zote, nikazigawa upya kama karata, na mnunuzi asingegundua.

Kosa si la mwandishi wa kadi hizo peke yake. Desturi ya kuipa siga maksi katika mia, ambayo jarida la Marekani la Cigar Aficionado limeieneza sana tangu lilipoanzishwa mwaka 1992, imewazoesha watu kutafuta namba kwanza. Siga yenye maksi tisini na tatu haihitaji sentensi nzuri. Orodha ya nomino inatosha kuipamba. (Na tumbaku inaua, hata hiyo ya tisini na tatu. Kadi haikulitaja hilo, ila kisanduku kililitaja.)

Ninachokilalamikia ni kwamba siga ni kitu cha muda, na orodha haina muda. Jani likishakaushwa hurundikwa na mengine katika lundo kubwa. Lundo hupata joto lenyewe kwa ndani, hubomolewa, hugeuzwa, hurundikwa tena. Katika joto hilo jani hutoa amonia na kupoteza ukali wake wa kijinga. Baada ya hapo hukaa kwenye marobota, pengine kwa miaka, ndipo lisokotwe. Siga yenyewe nayo hutunzwa kwenye kasha lenye unyevu wa asilimia 65 hadi 70 hivi, pasipo joto kali, maana joto huamsha kijidudu kinachoitoboa siga kama dumuzi anavyotoboa mahindi. Wapo wanaoitunza miaka kumi. Wanachosubiri ni mabadiliko, na mabadiliko husimuliwa kwa vitenzi.

Nilionja mbili kati ya zile kumi na mbili, jioni, juu ya mawe yanayotazama ziwa. Moshi wa siga haumezwi. Unauzungusha mdomoni na kuutoa. Ya kwanza ilikuwa changa. Kadi ilisema udongo wenye unyevu. Mimi nilikuta banda la kuku lisilofagiliwa wiki nzima, na hiyo ndiyo amonia ambayo haijapewa muda wa kuondoka. Ya pili ilianza na pilipili puani, ikatulia ilipofika theluthi ya pili, ikawa na utamu wa mbali kama ganda la karanga zilizokaangwa, kisha mwishoni ikachacharika na kuwa chungu. Waandishi wachache wazuri wa utanzu huu huigawa siga katika theluthi tatu namna hiyo, na hapo maelezo yao yanapata mwanzo, kati na mwisho. Hao nawasoma kwa heshima. Wengine wanaandika stakabadhi.

Neno lililonisumbua zaidi ni mwerezi. Msomaji wa Kiswahili akiliona anafikiria Lebanoni na hekalu la Sulemani. Lakini mbao za masanduku ya siga kwa kawaida si za mti huo wa Biblia. Ni za mti wa Amerika ya kitropiki, Cedrela odorata, uliopewa jina la mwerezi kwa sababu ya harufu yake, na ambao kiukoo ni ndugu wa mkangazi na mwarobaini. Mwarobaini! Upo kwenye nyua nyingi za Butimba, na majani yake tulichemshiwa utotoni tukiwa na homa. Mtafsiri akiandika mwerezi, anampeleka msomaji Yerusalemu. Akitaja huo ukoo, anamrudisha uani kwao. Niliutaja. Rafiki yangu alisema wateja hawatalipia siga yenye undugu na dawa ya malaria.

Pale ndipo nilipomkumbuka bibi yangu wa Magu, mvutaji wa ugoro, mhakiki mkali kuliko wote niliowasoma darasani. Ugoro ni tumbaku iliyosagwa na kuchanganywa na magadi. Magadi hayapo kwa ajili ya ladha tu: huifanya nikotini ipenye haraka kwenye utando wa pua au mdomo. Moshi wa siga nao, tofauti na ule wa sigara nyingi za karatasi, huelekea upande huohuo wa magadi, ndiyo maana mvutaji wa siga hulewa bila kumeza moshi. Kwa hiyo yule bwana wa hotelini na bibi wa Magu wanafanya jambo moja kwa vyombo viwili. Tofauti ni kwamba bibi hakuwahi kusema ugoro wake una chokoleti. Alichukua kidogo kati ya vidole, akanusa, akangoja, kisha akatoa hukumu: huu haujalala. Au: huu umelala vizuri. Au, kwa dharau: huu umelala ukafa.

Kulala ni neno tulilo nalo kwa chakula kilichopita usiku na kubadilika. Tunalo pia kuvundika, tunalolitumia kwa ndizi: kufunika kitu kipate joto lake chenyewe kiive. Lile lundo la Cuba limevundikwa. Tunalo kuchacha, kuvunda, kukolea, kukomaa. Kila kimoja kinasema muda umefanya nini na umefika wapi. Nilipozitafsiri upya zile kadi kwa vitenzi hivyo, zilitofautiana kwa mara ya kwanza.

Inashangaza kwamba siga, kati ya bidhaa zote, imeishia kwenye nomino. Huko Havana, tangu mwaka 1865, wasokotaji walikuwa wakimlipa mtu kutoka mifukoni mwao awasomee magazeti na riwaya wakiwa kazini. Jina la Montecristo limetoka kwenye riwaya ya Dumas waliyoipenda. Mikono iliyoisokota ilisikiliza mamia ya kurasa za kisasi na hila. Mdomo unaoivuta unapewa mstari mmoja na nusu.

Nimesomeshwa na tumbaku. Mjomba wangu analima Urambo, na sehemu ya ada ya shahada yangu ya kwanza ilitoka bani lake. Yake ni tumbaku ya mvuke, ya kuingia kwenye sigara za karatasi, si ya siga. Jani linakaa bani kama wiki, moto unachochewa usiku na mchana kwa magogo ya miombo, na mtu analala hapohapo nje kuusikiliza. Niliwahi kufuatana naye siku ya soko. Mteuzi alichomoa kishada kutoka katika robota, akakigeuza kwenye mwanga, akakifinya, akataja daraja: herufi na namba, zikaandikwa kwenye kikaratasi. Mahali jani lilipokaa kwenye mmea, ubora wake, rangi yake. Hayo yote yamo kwenye herufi hizo, na herufi hizo ndizo bei. Haikuchukua hata dakika.

Njiani kurudi, mjomba alilisimulia robota lile kuanzia kitalu. Mvua ilichelewa, akapandikiza tena sehemu ya shamba. Majani ya chini yaliiva kabla ya wenzake, akayachuma peke yake. Usiku wa nne bani lilipoa kidogo kwa kuwa magogo yalikuwa mabichi, rangi ikashikwa hapo, akalijua hilo kwa pua kabla ya kufungua mlango. Alisimulia kwa vitenzi, karibu saa nzima, hadi tulipofika kwake. Kwenye robota, ambalo wakati huo lilikuwa limeshashonwa na kupakiwa, kulikuwa na kile kikaratasi tu.