Hela ya Ufundi

Kwenye gereji za Mpanda, zile za chini ya miembe na mabanda ya mabati, hukosi kuikuta RAV4 ya kati ya mwaka 2000 na 2005, ile ambayo mtaani tunaiita Kilitaimu. Ilikuja mtumba kutoka Japani, ikazeekea Dar es Salaam au Mwanza, na sasa iko Katavi inabeba walimu, wachuuzi wa mpunga, hata wazee wa asali wanaotoka porini Ugalla na madumu yao. Wenyewe wanalalamika kwamba inakula spea. Mimi nasema nyingi kati ya spea hizo huwa tumezifungua zikiwa bado nzima.

Mtazame fundi anayejua kazi akitafuta mlio wa mbele. Spana bado iko kwenye boksi. Ananyanyua kwa jeki, anashika tairi mkono mmoja juu na mwingine chini, anatikisa. Likicheza, anamwambia kijana wake akanyage breki, kisha anatikisa tena. Kama limetulia, beringi imekwisha; kama bado linacheza, boljointi ndiyo ya kutazamwa. Halafu anahamisha mikono, kushoto na kulia, kusikiliza tairodi. "Bosi, usinunue kitu kwanza," anasema, na kuingia uvunguni na nondo, akibinua bushi moja baada ya nyingine. Mara nyingi kelele yote iliyomnyima mwenye gari usingizi inatoka kwenye stabilaiza linki, kispea kidogo kabisa, wakati gereji ya jirani walishamwandikia usukani mzima.

Lami ya kwenda Tabora kupitia Koga imezipunguzia gari hizi mateso. Lakini ukiiacha lami na kushika njia za vijijini upande wa Mishamo na Ugalla, kiangazi ni vumbi na rasta zinazotikisa meno, masika ni tope. Huko shokapu na bushi hazifi kwa uzee, na ea klina isiyopulizwa inajaa upesi.

Injini ndiyo inayopima ukubwa wa fundi. Kilitaimu nyingi za cc elfu mbili zina D4, injini inayopulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Kwa kuwa petroli haipiti kwenye vali za kuingiza hewa, haizioshi. Masizi yanaganda, gari linakosa nguvu na sailensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, inapandashuka. Fundi wa papara anauza plagi, koili na pampu. Fundi mwenyewe anafungua njia ya hewa, anasafisha, analijaribu gari barabarani.

Kubwa kuliko yote ni kuchemsha. Bloku ya injini hii ni ya aluminiamu, na nyuzi zinazoshika bolti za silinda hedi upande wa nyuma zina tabia ya kung'oka. Maji yanavuja kidogo kidogo mahali pasipoonekana kirahisi. Gasketi mpya inawekwa, gari linatulia kwa muda, kisha linachemsha tena, na mwenye gari anamlaani aliyetengeneza gasketi. Dawa yake ni kuchimba tundu upya, kukata nyuzi pana zaidi, na kupandikiza nyuzi za chuma kabla hedi haijarudi. Kazi hiyo haitaki mkono unaotetemeka: tundu likienda upande, bloku imekwisha. Fundi anayeifanya kwa mikono, bila mashine ya kiwandani, namvulia kofia.

Kuna ubovu mwingine ambao Dar ni kero ndogo tu: mota ya kioo cha dirisha. Katika mapori ya Ugalla mbung'o hufuata gari linalotembea, na kioo kisichopanda ni karaha zaidi kuliko shokapu iliyovuja. Fundi wa Mpanda ataanza na hicho kioo hata kama hukumwambia.

Spea isiyopatikana mjini inaagizwa Kariakoo: picha kwenye simu, namba ya chesisi, hela kwa simu, mzigo kwenye basi. Ikija isiyo sahihi, umelipa nauli ya kuja na ya kurudi. Ndiyo maana neno la fundi kabla ya kuagiza lina thamani kuliko spea yenyewe.

Ajabu, muuza spea tunamlipa bila ubishi mrefu. Fundi akitaja hela ya ufundi ndipo tunakumbuka umaskini wetu: "Si umekaza nati mbili tu?" Yale masaa aliyolala uvunguni na nondo hatuyahesabu. Basi wewe mwenye Kilitaimu, ukifika gereji, patana kwanza bei ya kutafuta ubovu, na uilipe yote, hata kama fundi atakurudishia ufunguo akikwambia gari halidai spea yoyote.