Ki-100: ndege iliyobuniwa kufuata injini iliyopatikana

Wengi wanaobuni ndege za kivita za rafadha za kufikirika, za mwaka 1945, huanza na mwendo. Huandika kilomita 750 kwa saa, kisha hutafuta injini itakayoufikia. Kabla ya kuchora mstari wa kwanza, ningependa waitazame Ki-100 ya Japani, kwa sababu wahandisi wa Kawasaki walioiunda walikuwa na mabodi tele kiwandani lakini injini hawana.

Mabodi hayo yalikuwa ya Ki-61-II, ndege nyembamba iliyotegemea injini ya Ha-140 inayopozwa kwa maji. Ukoo wa injini hiyo ulianzia kwenye DB 601 ya Daimler-Benz, iliyotengenezwa Japani kwa leseni. Ilidai ufundi wa hali ya juu, hasa kwenye krankishafti na beringi, na vita vilikuwa vimeshakausha mafundi stadi na malighafi nzuri. Tarehe 19 Januari 1945, ndege za Marekani za kuangusha mabomu, B-29, zikakishambulia kiwanda cha Akashi kilichotengeneza injini hizo. Mabodi 275 yalikuwa yakisubiri injini ambazo hazingekuja.

Injini iliyokuwapo ilikuwa Ha-112-II ya Mitsubishi: nguvu za farasi 1,500, silinda 14 zilizopangwa duara mbili, za kupozwa kwa hewa, na mafundi wa viwanjani waliiamini. Tatizo lilikuwa upana. Injini ilikuwa na kipenyo cha sentimita 122, bodi ina upana wa sentimita 84 tu. Ukiziunganisha hivihivi, hewa inayopita nyuma ya injini inavurugika na kuivuta ndege nyuma. Timu ya Takeo Doi, mbunifu wa Kawasaki, ikachunguza ndege ya kivita ya Fw 190 iliyoletwa kutoka Ujerumani, kuona Wajerumani walivyoipachika injini pana kwenye bodi nyembamba. Wakaziba pengo kwa mabati yaliyopindwa taratibu kufuata bodi, na mabomba ya moshi wakayapanga ubavuni, palepale penye pengo, ili moshi utoke kwa kasi na kuisukuma hewa inyooke. Hapo ndipo ninapouona ubunifu wenyewe: moshi uliokuwa wa kutupwa ukapewa kazi. Tarehe 1 Februari 1945, ndege ikaruka.

Rejeta na maji yake viliondoka, na uzito ukapungua kwa kilo 330 hivi. Bawa lilibaki lilelile la mita za mraba 20, kwa hiyo kila mita ya mraba ilibeba mzigo mdogo zaidi na ndege ikakata kona kwa wepesi. Mwendo ulishuka kutoka kilomita 610 hivi kwa saa hadi 580. Kwangu mimi hiyo ni biashara nzuri kuliko zote walizofanya, maana ndege ya kilomita 610 iliyolala karakana haimlindi mtu.

Juu sana, zilikopita B-29, Ha-112-II iliishiwa pumzi. Kawasaki wakajaribu kuifunga turbo katika Ki-100-II, na hapo wembamba wa bodi ukawabana tena: kipoza-hewa cha turbo hakikupata mahali, wakategemea kunyunyizia injini maji na methanoli. Zilitengenezwa tatu tu za majaribio kabla vita havijaisha.