Nani Humwita Nani Mshenzi? Lord of the Flies Ikisomwa kutoka Nairobi

Wahakiki wengi wameichukulia riwaya ya William Golding, Lord of the Flies (1954), kuwa istiara ya pambano baina ya ustaarabu na ushenzi: ndege inaanguka, watoto wa Kiingereza wanaachwa kisiwani bila mtu mzima, sheria zinalegea na unyama unachomoza. Usomaji huu hauna uongo, ila ukifanywa kwa Kiswahili unakwama kwenye istilahi zake wenyewe. Mstaarabu, kwa asili ya neno, ni aliyefuata mwenendo wa Kiarabu. Mshenzi ana nasaba na Zanj, jina ambalo wanajiografia wa Kiarabu waliwapa watu wa mwambao wetu. Baadaye watu wa mwambao nao wakamtupia mtu wa bara. Swali linalozaliwa hapa ni la mamlaka: nani anampa nani jina?

Tukiliuliza swali hilo, riwaya inafunguka upya. Jack ndiye anayetangaza mapema kwamba wao, wakiwa Waingereza, si washenzi. Naye anaingia kisiwani akiongoza kwaya iliyopangwa safu mbili, katika majoho meusi. Wawindaji hawakuzaliwa msituni. Ni kwaya ile ile iliyobadilishiwa kazi. Ralph na Piggy, wanaosifiwa kuwa nguzo za busara, wamo katika ngoma inayomuua Simon, na kesho yake wanadai kwamba waliondoka mapema.

Hata hivyo, kinaya cha Golding kina mpaka. Karibu na kifo chake Piggy, akiwa amelikumbatia kombe (ambalo kazi yake barazani ni kama ya siwa ya Pate), anawafananisha wenzake waliojipaka rangi na watu weusi, kwa tusi la kibaguzi. Matoleo ya Marekani yalilibadilisha tusi hilo likawa Wahindi Wekundu, yaani aibu ilihamishwa tu. Baadhi yetu tumezoea kulipita darasani kana kwamba ni kosa la mpiga chapa. Hatutendi haki. Anayelitamka ni mhusika mwenye akili kuliko wote, tena katika utetezi wake wa sheria. Golding anamvua mtoto wa Kiingereza joho la ustaarabu, lakini vazi la ushenzi analomvika ameliazima katika ghala la kina Ballantyne, ambaye The Coral Island (1858) yake ndiyo riwaya hii inayoijibu.

Kwa msomaji aliyeketi Muthangari, kilomita chache kutoka katikati ya jiji, tarehe nayo ina uzito. Riwaya ilitoka Septemba 1954. Aprili mwaka huo huo, majeshi ya Uingereza yaliizingira Nairobi katika Operesheni Anvil. Maelfu ya Wagĩkũyũ, Waembu na Wameru walizolewa mitaani, wakachujwa na kupelekwa vizuizini. Propaganda ya serikali iliwaita Mau Mau washenzi. Operesheni yenyewe ilikuwa na utaratibu kamili: foleni, vyeti, seng'enge. Hatudai kwamba Golding aliiwazia Nairobi. Tunadai kwamba ukurasa wake wa mwisho, ukisomwa hapa, haumwokoi mtu. Afisa wa jeshi la majini, katika sare safi, anashangaa kwamba watoto wa Kiingereza hawakufanya vizuri zaidi. Ralph analia. Afisa anaona haya, anageuza uso, na macho yake yanatua kwenye manowari yake.