Hatua kwa Hatua: Uchambuzi wa Kubadilisha Diski na Vipuri vya Seva ya Nyumbani

Seva ya hifadhi ya nyumbani ni kompyuta ndogo inayowashwa saa zote, ambayo kazi yake kubwa ni kutunza mafaili ya familia nzima, yaani picha, video, nyaraka na nakala za simu na kompyuta nyingine, na kuyafikisha kwenye vifaa vyote vilivyounganishwa na mtandao wa ndani. Kwa kuwa mafaili hayo huongezeka kila mwaka na diski huchakaa zikiwa kazini, hakuna seva ya aina hiyo isiyofikia wakati wa kubadilishiwa diski, na wakati huo ndio wenye hatari kubwa kuliko wowote katika maisha yake, kwa sababu data zilizokaa salama kwa miaka hulazimika kuhamishwa huku kinga yake ikiwa imepungua. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba ubora wa kazi hiyo hupimwa kwa mpangilio wa hatua zake kabla ya kupimwa kwa ukubwa wa diski au kasi ya prosesa: kila hatua inapaswa kuziacha data zikiwa na angalau nakala mbili kamili zinazosomeka.

Mashine na mipaka yake

Mfano unaofaa ni HP ProLiant MicroServer Gen8, iliyotoka mwaka 2013 na ambayo ilipendwa sana na watu wanaojijengea hifadhi nyumbani. Ni kisanduku chenye nafasi nne za diski za inchi 3.5, pawa saplai ya wati 150, nafasi mbili za kumbukumbu zisizozidi jumla ya gigabaiti 16, na soketi ya prosesa inayoruhusu kubadilisha prosesa dhaifu ya Celeron G1610T kwa Xeon za kizazi hichohicho. Diski zake hukaa kwenye trei za kuvuta, lakini mtengenezaji hakuiunda kwa ajili ya kuchomoa diski mashine ikiwa inawaka, hivyo kila badiliko hudai seva izimwe kwanza.

Kabla ya kununua chochote, mchambuzi makini hutafuta mahali palipo pembamba kuliko pote katika njia ya data. Katika mashine hii, nafasi mbili za kwanza za diski hupitisha gigabiti 6 kwa sekunde na mbili zinazofuata hupitisha gigabiti 3, jambo ambalo huwafanya wengi wadhani kwamba lazima waongeze kadi mpya ya kudhibiti diski. Hesabu huonyesha vinginevyo. Njia ya gigabiti 3, baada ya kutoa biti zinazotumika kuratibu mawasiliano yenyewe, hubaki na uwezo wa takriban megabaiti 300 kwa sekunde, ilhali diski ya kuzunguka yenye kasi nzuri hufikia takriban megabaiti 250, na mtandao wa gigabiti 1 haupitishi zaidi ya takriban megabaiti 118. Kwa hiyo kinachobana ni waya wa mtandao, na fedha ambazo zingekwenda kwenye kadi hiyo hufaa zaidi zikinunua diski ya ziada kwa ajili ya nakala rudufu.

Kinga ya data na gharama yake

Wazo la kuunganisha diski kadhaa ili zifanye kazi kama moja, kwa namna ambayo diski moja ikifa data zisipotee, lilipewa jina la RAID katika andiko la mwaka 1988 la David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mfumo wa ZFS, ulioanzishwa na Jeff Bonwick na Matthew Ahrens katika kampuni ya Sun Microsystems na ambao msimbo wake ulifunguliwa kwa umma mwaka 2005, uliliendeleza wazo hilo kwa kuongeza cheksamu, yaani namba fupi inayokokotolewa kutokana na kila kipande cha data na kuhifadhiwa mbali nacho, ili kipande kisomwapo mfumo uweze kutambua iwapo kimebadilika hata kwa biti moja. Mpangilio wake uitwao RAIDZ1 hutenga nafasi ya diski moja kwa ajili ya pariti, ambayo ni taarifa ya ziada inayowezesha kukokotoa upya data za diski iliyokufa, na RAIDZ2 hutenga nafasi ya diski mbili. Diski nne za terabaiti 4 zikiwa katika RAIDZ1 hutoa terabaiti 12 za matumizi, na hali hiyo ndiyo inayochukuliwa hapa kuwa mwanzo wa safari.

Njia inayowavutia wengi ni kuchomoa diski moja ya zamani, kuweka mpya mahali pake, kutoa amri ya zpool replace, kusubiri mfumo uijaze diski mpya, kisha kurudia mpaka zote nne zibadilishwe, ambapo, ikiwa mpangilio uitwao autoexpand umewashwa, ukubwa mpya hujitokeza wenyewe baada ya diski ya mwisho. Njia hiyo ni halali, lakini gharama yake inahitaji kuangaliwa kwa makini. Diski moja ikiondolewa kwenye RAIDZ1, kinga yote huwa imeisha, na ili kuijaza mpya mfumo hulazimika kusoma data zote zilizomo kwenye diski tatu zilizobaki, ambazo zikiwa zimejaa ni terabaiti 12. Watengenezaji wa diski nyingi za nyumbani hutaja kiwango cha kosa kisichozidi moja katika kila biti 10^14 zinazosomwa, sawa na terabaiti 12.5, kwa hiyo, hata kama diski nyingi hufanya vizuri kuliko kiwango hicho, kila moja ya zile duru nne hukaribia ukomo wa ahadi ya mtengenezaji bila akiba yoyote. ZFS hupunguza madhara kwa kutaja jina la faili lililoharibika badala ya kuangusha hifadhi nzima, ila faili lililotajwa likiwa ndilo pekee lililokuwepo, taarifa hiyo hailirudishi.

Hatari ya duru hizo hupungua sana diski ya zamani ikibaki imeunganishwa wakati mpya inajazwa, kwa kuwa mfumo huendelea kusoma kutoka diski zote za awali na kuitoa ya zamani pale tu mpya inapokamilika. Katika mashine yenye nafasi nne zilizojaa, hilo huwezekana kwa kutumia tundu la tano la SATA, yaani kiunganishi cha diski, lililokusudiwa kisoma DVD, huku diski iliyo nje ya kasha ikipewa umeme na adapta yake yenyewe na kupulizwa na feni ndogo.

Hata hivyo, kuna sababu nzito zaidi ya kuacha njia ya diski mojamoja: haibadilishi idadi ya pariti. Toleo la 2.3 la OpenZFS, yaani ZFS ya msimbo ulio wazi, la Januari 2025 liliruhusu kuongeza diski kwenye RAIDZ iliyopo, lakini RAIDZ1 hubaki RAIDZ1. Diski nne za terabaiti 12 katika mpangilio huo hutoa terabaiti 36, ambazo ni nyingi, lakini moja ikifa, kujaza mbadala wake kwa megabaiti 200 kwa sekunde huchukua takriban saa 17 hata kama hakuna anayeitumia seva, na katika matumizi halisi muda huo hurefuka. Kuvumilia muda huo wote bila kinga ni uamuzi ambao mwenye picha za harusi na za marehemu wazazi wake hapaswi kuufanya kwa kutojua. RAIDZ2 hutoa terabaiti 24 na kustahimili vifo vya diski zozote mbili, na kwa diski za ukubwa huo ndiyo inayostahili kuchaguliwa.

Uteuzi na majaribio ya diski

Diski mbili zenye ukubwa na bei sawa zinaweza kutofautiana kabisa ndani. Katika uandishi wa kawaida, uitwao CMR, kila mstari wa data hukaa peke yake juu ya sahani. Katika uandishi uitwao SMR, mistari hulaliana kama makuti ya paa, hivyo kubadilisha mmoja hulazimu kuandika upya inayoulalia. Mbinu hiyo haina tatizo kwa faili linaloandikwa mara moja na kuachwa, bali diski inapojazwa mfululizo kwa saa nyingi, akiba yake ya ndani huisha na kasi huporomoka, hata mfumo ukaweza kuihesabu kuwa imekufa. Suala hilo lilijulikana sana Aprili 2020, pale Western Digital ilipoeleza kwamba baadhi ya diski zake za Red za terabaiti 2 hadi 6 zilitumia SMR, na baadaye ikatenga jina la Red Plus kwa zile za CMR. Mnunuzi anapaswa kusoma namba kamili ya modeli, kwa maana jina la mauzo pekee halitoshi.

Diski mpya ikishapatikana haiaminiwi mpaka ijaribiwe. Programu ya badblocks huandika ruwaza nne tofauti juu ya diski nzima na kusoma kila moja tena, ambayo ni mizunguko 8, na kwa diski ya terabaiti 12 kazi hiyo huchukua kati ya siku 5 na 6. Muda huo si hasara, kwani diski yenye kasoro ya kiwandani mara nyingi huonyesha dalili ikiwa bado ina dhamana na haijabeba data yoyote. Baada ya hapo husomwa taarifa ambazo diski hujiwekea yenyewe, ziitwazo SMART, hususan kipengele namba 5 kinachohesabu sekta zilizohamishwa, 197 kinachohesabu sekta zinazosubiri uamuzi, na 198 kinachohesabu zilizoshindikana; vyote vitatu vinapaswa kubaki sifuri.

Diski nyingine mpya hazizunguki kabisa zikiunganishwa na pawa saplai ya kawaida, na mmiliki huzirudisha dukani akidhani ni mbovu. Chanzo ni badiliko la kiwango cha SATA 3.3: pini ya tatu kati ya 15 za plagi ya umeme, ambayo zamani ilipokea volti 3.3, ilipewa kazi ya kuizima diski kwa amri, kwa hiyo pawa saplai ya zamani inayopeleka umeme hapo huiambia diski ibaki imezimwa. Tiba yake ni kipande chembamba cha tepu ya Kapton, isiyopitisha umeme na inayohimili joto, kinachobandikwa juu ya pini hiyo pekee kwa kibano, au waya wa umeme usiobeba volti 3.3.

Uhamishaji wenyewe

Kwa kuwa RAIDZ2 haiwezi kuzaliwa kutoka RAIDZ1 mahali palepale, uhamishaji salama huanza kwa nakala rudufu iliyo nje ya seva, kwenye kompyuta nyingine au diski za nje. ZFS hurahisisha jambo hili kwa snapshoti, ambayo ni picha ya hali ya hifadhi katika sekunde moja isiyobadilika tena, na kwa amri za zfs send na zfs receive zinazoipeleka picha hiyo kwingine. Nakala ya kwanza hupelekwa seva ikiendelea kutumika, kisha hufuata ndogo yenye mabadiliko tu, hivyo muda wa familia kukaa bila huduma kabla ya kuzima mashine hupunguzwa sana. Nakala hiyo hukaguliwa yote kwa kulinganisha cheksamu, na hapo ndipo diski nne za zamani hutolewa zikiwa hazijafutwa, zikabaki kuwa nakala ya pili mpaka hifadhi mpya ijazwe na kukaguliwa.

Kabla ya kutoa trei yoyote, namba ya mfululizo ya kila diski, ile iliyochapishwa kwenye lebo yake na kuonekana pia ndani ya mfumo, huandikwa kwenye kipande cha tepu na kubandikwa mbele ya trei. Majina ambayo mfumo huzipa diski yanaweza kubadilika mashine inapowashwa upya, na anayeyategemea anaweza kuchomoa diski nzima akaiacha mbovu. Hifadhi mpya inapoundwa, kigezo cha ashift huwekwa 12, maana yake sekta za baiti 4096 zinazotumiwa na diski za kisasa, kwa kuwa kigezo hicho hakibadilishwi baadaye.

Prosesa, kumbukumbu na umeme

Badiliko la prosesa lina sababu moja ya msingi: Celeron G1610T haina maelekezo ya AES, yanayofanya kazi ya kusimba data kwa haraka, na seva yenye nyaraka za familia inastahili kusimbwa ili mwizi aibebaye asizisome. Xeon E3-1265L v2 yenye koru nne inayo maelekezo hayo lakini hutoa joto la hadi wati 45, wakati E3-1220L v2 yenye koru mbili inayo pia na haizidi wati 17. Kipoza joto cha prosesa ndani ya kisanduku hiki hakina feni yake, bali hutegemea feni ya nyuma, hivyo kwa nyumba ya Dar es Salaam au Mombasa, ambako hewa inayoingia kwenye mashine tayari ina nyuzi 30 au zaidi, prosesa ya wati 17 ndiyo chaguo la busara.

Kumbukumbu huongezwa hadi gigabaiti 16 za aina ya ECC, inayosahihisha kosa la biti moja na kutambua la biti mbili katika kila fungu la biti 64, kwa sababu cheksamu ya ZFS haiwezi kuilinda data iliyoharibika kabla ya kukokotolewa. Kuhusu umeme, diski ya inchi 3.5 huvuta takriban wati 24 kwenye volti 12 katika sekunde chache za kuanza kuzunguka, kwa hiyo nne zikiwaka pamoja hukaribia wati 100 kati ya 150 zilizopo, hesabu inayoongeza uzito wa hoja ya prosesa ndogo. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, UPS, yaani betri ya dharura, iliyounganishwa na seva kwa waya wa USB, pamoja na programu inayoizima seva kwa utaratibu betri ikikaribia kuisha, ni sehemu ya uboreshaji na si nyongeza ya hiari.

Kazi ikikamilika, diski za terabaiti 4 zenye afya hufaa kuhifadhi nakala rudufu katika nyumba nyingine, kwani RAID hulinda dhidi ya diski kufa na hailindi dhidi ya moto, wizi, wala amri ya kufuta iliyotolewa kimakosa. Hifadhi mpya hupangiwa ukaguzi kamili wa cheksamu kila mwezi, na mara kwa mara mafaili machache hurejeshwa kutoka kwenye nakala rudufu na kufunguliwa, kwa sababu nakala ambayo haijawahi kurejeshwa haijathibitishwa kuwa nakala. Seva iliyoboreshwa kwa utaratibu huu huenda isionekane ya haraka zaidi kwa mtumiaji anayefungua picha sebuleni, ila kila faili lililokuwemo kabla ya kazi litakuwemo baada yake, na hilo ndilo lengo la kuwa na seva ya hifadhi.