Ubapa Wenye Maana: Ivan Bilibin na Mandhari ya Opera ya Jogoo wa Dhahabu

Wahakiki wa tamthilia wamezoea kumshuku mchoraji wa vitabu aingiapo jukwaani. Wanahoji kwamba mkono uliozoea ukurasa hujua urefu na upana tu, ilhali jukwaa lina kina, nuru na mwili wa mtendaji. Hoja hii ina uzito, lakini haitoshi kupimia mandhari ambayo Ivan Bilibin aliichorea opera ya Rimsky-Korsakov, Jogoo wa Dhahabu, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza na kampuni ya Zimin mjini Moscow mwaka 1909. Makala haya yanashikilia kuwa katika kazi hiyo ubapa wa mandhari ndio unaobeba maudhui.

Bilibin alikuwa amekwisha kujijengea jina kwa kuchorea ngano za Kirusi, ikiwemo ngano ya Pushkin ya mwaka 1834 ambayo ni chimbuko la opera hii. Mtindo wake watambulika upesi: mstari mweusi usiotetereka unaozingira kila umbo, rangi zilizolazwa bila vivuli, na nakshi za sanaa ya wakulima wa Urusi ya kaskazini, alizozichunguza katika safari za miaka ya 1902 hadi 1904. Jukwaani hakuuacha mtindo huo.

Tukumbuke kisa chenyewe. Mfalme Dodon ni mzembe anayetamani kutawala akiwa kitandani. Anamwachia jogoo ulinzi wa mipaka, anapoteza wanawe vitani, kisha anamuua mnajimu ili asitimize ahadi aliyompa; naye jogoo anamdonoa akafa. Kwa hadhira iliyoshuhudia Urusi ikishindwa na Japani na machafuko ya 1905, tashtiti hii haikuhitaji mkalimani. Wadhibiti walidai mabadiliko katika matini, na mtunzi alifariki mwaka 1908 kabla ya kuiona kazi yake jukwaani. Bilibin naye hakuwa mgeni wa dhihaka ya aina hiyo: mchoro wake wa punda aliyezungushiwa mapambo ya kifalme, uliotoka katika jarida la Zhupel mwaka 1906, ulimtia matatani.

Hapo ndipo ubapa unapopata maana. Katika hitimisho la opera, mnajimu anarudi na kuiambia hadhira kuwa ni yeye na Malkia wa Shemakha tu waliokuwa watu hai. Waliobaki walikuwa ndoto. Jumba lisilo na kina wala kivuli limekwisha kulisema jambo hilo kwa macho kabla halijatamkwa. Enzi ya Dodon ni nakshi tupu: inapendeza, inang'aa, na nyuma yake hamna kitu.

Hata hivyo, mtindo huu una mpaka wake. Mstari uliomchora Dodon ndio uliomchora Malkia. Mchoraji asiyetumia kivuli hana njia ya kumtenga aliye hai na aliye ndoto. Tofauti hiyo, ambayo matini inaisisitiza, imeachiwa sauti ya mwimbaji na muziki pekee. Basi tukimlaumu Bilibin, tumlaumu kwa hilo, wala si kwa kuleta ukurasa jukwaani. Mhakiki anayepima mandhari bila kuisoma matini huishia kuhukumu kitambaa, akaiacha tamthilia.