Mwalimu wa Kwenye Sinema

Kijana aliyesomea ualimu zama zetu, akabahatika kuwa na nauli ya kwenda mjini siku ya Jumamosi, hakosi kumkumbuka Sidney Poitier. Mimi nilimwona mara ya kwanza nikiwa mwanachuo, katika jumba moja la sinema Dar es Salaam, nimekaa viti vya mbele vya bei rahisi na shingo ikiniuma. Filamu ilikuwa To Sir, with Love, iliyotengenezwa mwaka 1967 na James Clavell kutokana na kitabu cha E. R. Braithwaite, mzaliwa wa Guyana aliyefundisha watoto wa kimaskini mashariki ya London. Mtu mweusi, suti imemkaa, amesimama mbele ya darasa la Wazungu, na wanamwamkia kwa heshima. Ndugu msomaji, usitutake tulione kosa lolote siku ile.

Makosa yapo. Watoto wale wanatengenea upesi mno. Mwalimu Thackeray anakasirika, anavitupa vitabu kwenye pipa la taka, anatangaza kwamba tangu leo wataheshimiana kama watu wazima, na kabla hujamaliza karanga zako darasa limekwisha tulia. Nimefundisha miaka thelathini na ushei, nikaishia mkuu wa chuo cha ualimu, na sijapata kuona ajabu hiyo. Tena vitabu! Kwetu kitabu kimoja kilisomwa na watoto watano. Mwalimu wa kuvitupa angejieleza kwa mkaguzi.

Lakini Poitier anaiokoa filamu. Tazama pale wanapopigana ngumi. Denham, kijana mtundu, anamtaka mwalimu avae glovu, kisha anamshambulia. Mwalimu anajikinga tu, hata mwisho anarudisha ngumi moja ya tumbo, na kijana anajikunja. Mwigizaji mwingine angetamba. Poitier hatambi, anamwendea kijana, na baadaye anamwambia kwamba angefaa kuwafundisha wadogo zake mchezo huo. Upole wake unauona mabegani na machoni kabla hajasema neno.

Mimi niliishika suti. Nilipopangiwa shule yangu ya kwanza nilijizoeza kusimama kama yeye na kusema kwa sauti ya chini. Mwaka wangu wa pili palikuwa na kijana wa darasa la tano aliyekuwa akikariri kitabu badala ya kukisoma. Nilipomgundua nilimwita mbele, nikampa kitabu nimekipindua juu chini, nikamwamuru asome. Akasoma ukurasa mzima bila kukosea, kitabu kikiwa vile vile. Darasa likacheka, nami nikacheka. Baada ya likizo hakurudi.

Miaka mingi ilipita kabla sijasoma habari za maisha ya Poitier mwenyewe. Alizaliwa mwaka 1927, akakulia Cat Island katika visiwa vya Bahama, na shule aliipata kidogo tu. Alifika New York akiwa na miaka 16, akawa mwosha vyombo. Alipokwenda kujaribiwa American Negro Theatre alifukuzwa, kwa kuwa alisoma kwa kubabaika na lafudhi yake ilikuwa nzito. Basi katika mgahawa alimofanya kazi palikuwa na mhudumu mmoja mzee, Myahudi, aliyemkuta na gazeti akamwuliza kuna habari gani. Kijana akakiri kwamba hajui kusoma vizuri. Tangu hapo, kwa majuma kadhaa, kazi ikiisha usiku mzee alikaa naye mezani, wakasoma gazeti pamoja, akimweleza kazi ya kila kituo na jinsi ya kulikata neno refu vipande vipande. Poitier aliisimulia habari hiyo hata uzeeni, akijuta kwamba alipokuja kumtafuta mzee amshukuru, hakumpata.

Mwaka 1959, pamoja na Harry Belafonte na mchezaji besiboli Jackie Robinson, alitia sahihi barua ya kuomba michango ya nauli za vijana wa Kenya. Septemba mwaka huo wanafunzi 81 walipanda ndege kwenda kusoma Marekani. Nadhani wengi wao hawakupata kumwona ila kwenye sinema, kama mimi.

Linalonisumbua ni hili. Mwaka 1970, uliotangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, sisi wanachuo tulifundisha kisomo cha ngumbaru jioni. Nilikuwa na makuli wa bandarini na bibi mmoja aliyeshika kalamu kama anashika mwiko. Sikumcheka hata mmoja wao. Nilikaa nao mkekani, taa ya chemli katikati yetu, nikarudia irabu mpaka usiku. Ule upole nilikuwa nao, basi. Mtoto wa darasa la tano nilimnyima kwa nini?

Poitier alifariki Januari 2022. Juma lile nilimwomba mjukuu wangu aniwekee filamu ile, tukaitazama pamoja. Vitabu vilipotupwa alicheka. Tulipofika kwenye ngumi alinyamaza, kisha akaniuliza, "Babu, na wewe ulikuwa hivi?"

Nikamwambia atulie, tutazame.